Uvumi Una Mwenyewe: Kuandika Hadithi ya Nyumba ya Maajabu Kegonga

Ukitaka kuandika hadithi ya vijana kuhusu nyumba yenye maajabu katika mji mdogo, nyumba yenyewe iache kwanza. Mtafute aliyesema kwa mara ya kwanza kwamba haiingiliki. Mtu huyo yupo, ana jina, na siku aliyofungua kinywa alikuwa na haja yake. Waandishi wengi chipukizi hujaza kurasa kumi kwa mlango unaolia na paka mweusi, kisha wakifika katikati hawajui waendako, kwa kuwa hawakujiuliza swali lenye kuzaa hadithi: watu wakiogopa, nani anafaidika?

Hebu tuchukulie kwamba hadithi yako inatokea Kegonga, makao makuu ya Kuria Mashariki katika kaunti ya Migori. Mpaka wa Tanzania uko karibu, na upande mwingine ni nchi ya Wamaasai wa Transmara. Kuna ofisi za serikali, maduka, kinu cha kusaga mahindi, vibanda vya M-Pesa na steji ya bodaboda, na ukienda kidogo tu umeshaingia kwenye mahindi, migomba na tumbaku. Kwa mwandishi wa fumbo, mji wa namna hii ni mtaji. Nairobi mtu anaweza kuugua chumbani wiki nzima na jirani asijue. Kegonga mwenye bodaboda anajua nani alishukia wapi, mwenye duka anajua nani amenunua mishumaa kuliko kawaida yake, na tangu serikali ilete mpango wa Nyumba Kumi mwaka 2013, yuko hata mzee ambaye ni kazi yake kujua mgeni amelala kwa nani. Kwa hiyo siri ya mji mdogo ni jambo ambalo kila mmoja ana kipande chake, na hakuna aliye tayari kuvikutanisha. Wapelelezi wako, watoto wa miaka kumi na minne hivi, kazi yao ndiyo hiyo ya kukutanisha.

Mchague mwenye uvumi

Wapo wa aina nyingi. Wa kwanza nitampita haraka: ni mfanya magendo. Mpaka uko karibu, bei zikitofautiana bidhaa huvuka usiku, na ghala lisilokaribiwa na mtu ni mali. Hadithi hii inaandikika, ila imeshaandikwa mno duniani. Msomaji wa miaka kumi na mitatu ataitegua kabla ya sura ya tatu, na hatakusamehe.

Wa pili ni mwenye kuutaka urithi. Hapa Ukuria unakupa kitu ambacho mwandishi wa London hana. Kwa mila ya Wakuria, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe za mahari na kumwoa msichana. Watoto watakaozaliwa na msichana huyo huhesabiwa wa nyumba ya mama aliyetoa ng'ombe, nao ndio warithi. Ndoa hiyo huitwa nyumba ntobhu, na utaikuta pande zote mbili za mpaka. Sasa mama mwenye nyumba amefariki, mke wake kijana amebaki na mtoto mchanga, na ndugu za mume wa marehemu wanalikodolea macho shamba. Mara mji unaanza kusema nyumba ile inatoa sauti usiku. Jini la nini tena hapo? Hata mzozo ukifika mbele ya hakimu una pa kusimama, kwa sababu mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa ilitambua haki ya urithi ya mwanamke aliyeolewa na mwanamke mwenzake kwa mila ya Wanandi. Tatizo lake ni kwamba hatimiliki na mahakama ni mambo ya watu wazima, na vijana wako watageuka kuwa wasikilizaji wa ugomvi wa wakubwa. Ukishika njia hii, basi mpelelezi wako awe na damu ndani ya nyumba hiyo: mtoto anayetakiwa kufukuzwa awe ndugu yake mdogo.

Wa tatu ndiye ninayempendekeza, na sehemu iliyobaki ya mwongozo huu itamfuata yeye. Ni mtu aliyeeneza uvumi kwa huruma.

Msimu wa tohara Kuria huangukia zaidi likizo ndefu ya Novemba na Desemba, baada ya wazee wa inchama, baraza la mila la Wakuria, kuutangaza. Barabara hujaa nyimbo, filimbi na vijana waliojipaka unga usoni. Kwa wavulana hiyo ni sherehe halali. Kwa wasichana ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011, lakini bado wapo wanaokeketwa, na wengine huvushwa mpaka ili kuukwepa mkono wa sheria wa upande huu. Wapo pia wanaotoroka. Makanisa, shule na vituo vya uokoaji huwapokea, ila kati ya kutoroka nyumbani na kufika kituoni kuna usiku wa kwanza. Usiku huo msichana anahitaji mahali ambapo mjomba mwenye panga hatathubutu kusukuma mlango.

Nyumba yako isimame hapo. Miaka mingi iliyopita, mtu fulani Kegonga aliona kwamba woga wa mji ni kufuli imara kuliko ya chuma, akaanza kusema maneno mawili matatu kisimani. Maneno yakatembea yenyewe.

Faida ya njia hii ni kubwa. Katika riwaya nyingi za upelelezi, fumbo likifumbuliwa kila mtu anapumua. Hapa vijana wako wakifumbua fumbo wanaweza kuua. Kila dalili wanayoipata inawasogeza karibu na hatari ya kumfichua mtu ambaye usalama wake wote ni kutojulikana, na msomaji akishalitambua hilo kabla yao, hataweka kitabu chini.

Jenga bani, usijenge kasri

Riwaya za kigeni zitakushawishi uweke jumba la ghorofa lenye mnara, ngazi zinazolia na picha ya babu anayekodoa macho ukutani. Jumba hilo liache huko liliko. Kuria una bani la tumbaku.

Migori imelima tumbaku kwa miongo kadhaa, na wazee wanaokumbuka misimu yake watakueleza kila kitu ukikaa nao jioni moja. Bani ni kijumba kilichokwenda juu kuliko upana wake, cha matofali au udongo, bila madirisha isipokuwa kitundu cha kuchungulia kipimajoto. Tanuri hulishwa kuni kwa nje, na joto hupita ndani kwa mabomba ya bati yaliyolazwa karibu na sakafu. Majani, yaliyofungwa kwenye fito, huning'inia safu juu ya safu hadi paani. Moto huanza taratibu, nyuzijoto thelathini na kitu, majani yageuke manjano. Kisha hupandishwa siku baada ya siku hadi karibu sabini, mpaka mshipa mnene wa katikati ya jani nao ukauke na kuvunjika ukiukunja. Kazi hiyo huchukua karibu wiki nzima, na moto haulali. Lazima mtu akeshe, na anayekesha mara nyingi ni kijana, ambaye asubuhi yake anasinzia darasani.

Sasa liache bani hilo tupu. Katika miaka ya karibuni wakulima kadhaa wa Migori wameiacha tumbaku, wengine wakahamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma katika mradi unaoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa. Mkulima wako alikufa, au alichoka na madeni ya mbolea, na bani limebaki nyuma ya migomba. Ndani kuta ni nyeusi kwa moshi. Harufu tamu yenye uchungu haitoki hata zinyeshe mvua ngapi. Mchana ni giza tupu, na mlango ni mmoja. Msomaji wa Nairobi hajawahi kuliona, na msomaji wa Kuria analijua fika. Wote wawili watakufuata, kila mmoja kwa sababu yake.

Chora ramani ya mahali hapo kabla ya kuandika sura ya kwanza: bani liko umbali gani na barabara, ng'ombe hupitishwa wapi, maji yanachotwa wapi, moto ukiwashwa usiku mwanga wa tanuri unaonekana kutoka mlango wa nani. Mwandishi asiyejua mwanga unaonekana kutoka wapi hataweza kuamua shahidi wake ni nani.

Kila ajabu iwe na mzizi

Watoto hawapendi kudanganywa. Ukitoa sauti katika sura ya pili na katika sura ya tisa useme ilikuwa ndoto, umejimaliza. Panga maajabu yako, kisha andika pembeni sababu ya kila moja, hata kama hutaitoa mpaka mwisho.

Mabati hutanuka mchana na kujikunja usiku baridi ikiingia, na hulia kama mtu anayetembea juu ya paa. Hilo ni rahisi, litumie mapema lipunguze makali. Karibu na mpaka simu huweza kunasa mtandao wa Tanzania, na ujumbe wa kukukaribisha nchi jirani ukaingia ilhali hujatoka shambani kwenu. Mtoto mmoja akipokea ujumbe huo kila anapopita nyuma ya bani, atasadiki kwamba pale si Kenya wala si duniani. Kuna pia ugonjwa unaowapata wavunaji wa tumbaku mbichi: majani yakiwa na umande au mvua, nikotini hupenya kwenye ngozi, na aliyeyabeba mgongoni anapata kizunguzungu na kutapika. Kijana aliyebeba majani mabichi kutwa nzima, akapumzika kivulini mwa bani na kutapika usiku kucha, atatangazwa kuwa amepigwa na nyumba.

Lenye nguvu kuliko yote ni hewa. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba kuukuu na kuanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwapo na kuamka vichwa vikiwa vizito. Tanuri la kupashia nyumba joto lilikuwa bovu, na moshi wake ulikuwa ukirudi vyumbani. Ni gesi ileile ya kaboni monoksidi ambayo jiko la makaa hutoa katika chumba kilichofungwa. Haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Bani halina dirisha. Usiku wa Novemba huko juu Kuria ni wa mvua na baridi. Weka jiko ndani, na hadithi yako imepata saa inayohesabu.

Baada ya kufanya kazi hiyo yote, acha ajabu moja bila jibu. Ningechagua iritungu, kile kinubi kizito cha nyuzi nane cha Wakuria, kisikike upande wa bani usiku ambao aliyekuwa akikipiga ameshazikwa. Usikieleze. Usiseme ni upepo. Sura ziendelee.

Bibi kizee na neno baya

Ukiandika nyumba inayoogopwa, mkono utakupeleka wenyewe kwa bibi kizee anayeishi jirani nayo. Kabla hujamwita mchawi, kumbuka unapoandikia. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto hadi kufa Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko Marani katika kaunti hiyohiyo, wanawake wanne wazee waliuawa kwa njia hiyohiyo. Kisii si mbali na Kegonga. Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya tangu 1925, inamfanya mkosaji hata yule anayemzushia mwenzake uchawi mtaani, lakini sheria haikuwafikia wanawake wale kwa wakati. Mtoto atakayesoma kitabu chako huenda ana nyanya mwenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni. Usimpe sababu ya kumtazama vibaya.

Hilo halikuzuii kumtumia bibi. Mfanye awe ndiye mwenye uvumi. Msomaji amshuku, wapelelezi wamshuku, mji mzima umshuku, na ukweli ukitoka tujue kwamba alikubali kuitwa hivyo miaka yote. Alijua kinachowapata wanawake wanaoitwa hivyo, na akakubali, kwa sababu jina lake baya lilikuwa ukuta wa wasichana ambao wengine hata majina yao hakuyajua. Huyo sasa ni mhusika. Naye mpe mambo madogo ya kuchekesha: awe mchoyo wa sukari, awe anawagombeza kuku kwa majina ya wanasiasa.

Watoto wako na vinywa vyao

Majina usihangaike nayo: Robi, Boke na Gati kwa wasichana, Chacha, Mwita na Marwa kwa wavulana. Utayakuta Kegonga na utayakuta Tarime, ng'ambo ya mpaka. Majina yanajirudia sana katika ukoo mmoja, na hilo linafaa kwa fumbo: barua isemayo "mpe Boke" inaweza kuwa ya Boke yupi?

Wape kazi za nyumbani, maana bila kazi mtoto hana sababu ya kuwa nje jioni. Robi anachota maji, Mwita binamu yake anarudisha ng'ombe. Wape pia mwisho wa ruhusa: giza likiingia, mama anaita. Upelelezi wote wa watoto wa mji mdogo hufanyika kati ya kutoka shule na kuitwa.

Linganisha sasa vifungu viwili. Hiki cha kwanza ni cha aina ambayo walimu hupokea kila muhula:

"Nyumba ile ilikuwa ya kutisha ajabu. Upepo ulivuma kwa sauti ya mizimu na mlango ukafunguka wenyewe. Robi alitetemeka mwili mzima."

Na hiki:

"Robi aliweka kiganja ukutani, akakiondoa, akakirudisha. Ukuta ulikuwa na joto. Jua lilikuwa limezama tangu ng'ombe walipoingia zizini, na kwa marehemu Mzee Marwa hakuna aliyechoma tumbaku miaka mingi. 'Mwita,' alisema polepole, 'nani analala hapa?' Mwita hakumjibu. Alikuwa akitazama leso iliyoanikwa nyuma ya bani, ambayo ilikuwa bado inatona maji."

Katika kifungu cha pili hakuna neno la kutisha hata moja. Yapo mambo mawili yanayogusika, ukuta na leso, na swali linalouliza nani. Robi hajasema kwamba anaogopa, na msomaji ameshaanza kuogopa kwa niaba yake. Ukishindwa na kifungu, kirudie kwa kiganja: mhusika anagusa nini, kina joto au baridi, kina unyevu au kimekauka.

Katika mazungumzo, sikiliza namna watu wanavyoamkiana. Mtoto wa Kegonga akimkuta bibi njiani atasema, "Habari ya jioni, nyanya." Binamu yake aliyelelewa Tarime atainama kidogo na kusema shikamoo. Itumie tofauti hiyo kama dalili. Robi anasogea kwenye kitundu cha bani, anachungulia gizani, na kabla hajaona kitu sauti nyembamba ya msichana, ikimdhania kuwa ni bibi, inasema: "Shikamoo." Hakuna mzimu duniani ulioamkia mtu kwa adabu hivyo. Msomaji makini amepata mambo matatu papo hapo: ndani kuna mtu, ni mdogo kuliko anayemtarajia, na ametoka ng'ambo.

Kikuria kitumie kidogo, kwa maneno uliyoyasikia kwa masikio yako na kuulizia. Mwandishi anayenyunyiza maneno ya lugha asiyoijua hugunduliwa na mtoto wa darasa la nne.

Waliopita njia hii

Kabla hujaandika, soma Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar. Kilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na kuchapishwa 1960, na ndicho kilichomleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, na Najum rafiki yake. Mauaji yanahusishwa na mahali pa mzimu panapoogopwa, na kazi ya Bwana Msa ni kutenganisha kilicho cha mzimu na kilicho cha mkono wa mtu. Angalia adabu anayoifanya nayo kazi hiyo. Waandishi wengi wa leo huwafanya wapelelezi vijana wawacheke wazee wao, kisha wanashangaa kwa nini hadithi imekosa joto. Kosa dogo la Abdulla kwa mwandishi wa vijana ni kwamba Bwana Msa anajua sana. Watoto wako wasijue sana. Wakosee dhana mara mbili kabla ya kupata.

Kwa jina la nyumba, jifunze Gedi, mji wa kale wa Kilifi ulioachwa mwanzoni mwa karne ya 17 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. James Kirkman alipoanza kuuchimba mwaka 1948, nyumba zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe. Jina la namna hiyo lina hadithi ndani yake. "Bani la Leso" ni bora mara kumi kuliko "Nyumba ya Hofu".

Simulizi za jirani zipo tele, na hapa nakuonya. Ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay, kaunti ya Homa Bay, lina hadithi ya kijiji kilichozama kwa sababu kilimfukuza bibi mgeni usiku wa sherehe, na mwanamke mmoja tu aliyempokea akanusurika. Ngome ya mawe ya Thimlich Ohinga, Migori kwenyewe, imesimama karne nyingi bila chokaa wala saruji, na iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ni vitu vizuri mno, lakini ni vya nchi ya Waluo, na ukivipanda Kegonga kana kwamba ni vya Wakuria, wote wawili watakucheka. Mlete mwalimu kutoka Kendu Bay aliyepangiwa kazi Kegonga. Awasimulie darasani habari za Simbi siku ya mvua, bila kueleza kwa nini. Hadithi ya mgeni aliyefukuzwa itafanya kazi yake kichwani mwa Robi, na wewe hutalazimika kuandika hata sentensi moja ya kuifafanua.

Wakishajua

Sehemu ngumu iko hapa, na vitabu vingi huanguka hapa. Robi na Mwita wamejua. Bani lina wasichana wawili, mmoja kutoka ng'ambo. Nyanya anawalisha. Msimu umeanza, na mjomba wa mmoja wao ameonekana steji akiuliza maswali.

Wazo la kwanza litakalokujia ni kuwafanya wanyamaze kishujaa. Usiwaachie. Usiku wa mvua wasichana wameingiza jiko la makaa na kufunga mlango. Asubuhi mmoja haamki vizuri, anazungumza na mtu asiyekuwapo, na mwenzake anadhani nyumba kweli ina mashetani. Uvumi umegeuka na kuwauma wenyewe. Sasa kunyamaza ni kuua, na kusema ni kuwarudisha mikononi mwa wale waliowatoroka. Vijana wako wanapaswa kuamua si kama waseme, bali wamwambie nani. Chifu? Ana undugu na mjomba yule. Mwalimu wa Kendu Bay? Ni mgeni, hana nguvu, ila hana deni kwa mtu. Muuguzi wa hospitali? Mwenye bodaboda, ambaye ameona yote na hajawahi kusema? Simu ya bure ya watoto, namba 116, imeandikwa kwenye bango ukutani shuleni, na Robi ameisoma miaka miwili bila kufikiri kwamba ni ya mtu kama yeye.

Kwanza kabisa wafungue mlango na kumtoa mgonjwa nje kwenye hewa. Hili liandike sawasawa, kwa sababu kuna msomaji atakayelihitaji maishani. Mengine yafuate kwa uamuzi wako, lakini uamuzi uwe na gharama. Bani likishajulikana haliwezi kuficha tena mtu. Na nyanya, ambaye miaka yote aliitwa mchawi, sasa atajulikana kuwa ni kitu ambacho baadhi ya wazee watakichukia zaidi.

Jihadhari usiwafanye Wakuria wote kuwa wabaya. Katika kila familia utakuta aliyepeleka binti, aliyemficha na aliyetazama pembeni, mara nyingine chini ya paa moja. Baba wa Robi awe mmoja wa hao wa tatu.

Kuupeleka mswada

Haya ni mafupi. Maneno elfu kumi na tano hadi ishirini na tano yanatosha kwa riwaya fupi ya vijana. Wachapishaji wa Kenya hupokea miswada ya Kiswahili, na ukiamua kujichapishia, namba ya ISBN utaiomba kwa Huduma ya Maktaba ya Kitaifa. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, ila kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki kunakupa karatasi ya kuonyesha. Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, iliyoanza 1974, ina kitengo cha vijana kwa Kiswahili. Angalia masharti ya mwaka husika.

Kabla ya hayo yote, tafuta wasomaji watano wa umri wa miaka kumi na miwili hadi kumi na sita, ikiwezekana wawili wawe wa Kuria. Wape sura tano za kwanza tu. Waulize wanamshuku nani, na wanyamazie majibu yao. Wakisema wote nyanya, umefaulu nusu. Rudi sura ya tatu uongeze jambo moja la kumtetea, dogo, kama sahani mbili anazoosha ilhali anaishi peke yake. Wakisema mjomba, mwondoe katika sura ya pili, kwa maana amejitokeza mapema mno. Kama hakuna hata mmoja aliyemtaja mwenye bodaboda, mfanye akatae nauli ya msichana mmoja usiku mmoja, na usieleze kwa nini.